Jina la mchezo wa video si kibandiko

Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua za wasomaji ili nijibu makala iliyochapishwa katika ukurasa wenu wa burudani kuhusu majina ya michezo ya video. Mwandishi wa makala hiyo alishikilia kwamba majina hayo huchaguliwa na watu wa mauzo, kwamba mengi yalipatikana kwa bahati tu, na kwamba mashabiki wanaokesha wakiyafasiri neno kwa neno wanachimbua kitu ambacho hakuna aliyekizika. Alitoa mifano mizuri, na sehemu kubwa ya historia aliyoisimulia ni ya kweli. Hata hivyo hitimisho lake halitokani na mifano yake, na katika mfano mmoja alirudia hadithi ambayo mtengenezaji wa mchezo wenyewe alikwisha kuikanusha.

Tatizo la makala yale ni kuchanganya maswali mawili. La kwanza ni la historia: jina hili lilitoka wapi, nani alilipendekeza, na kwa nini lilikubaliwa badala ya jingine? La pili ni la ufasiri: jina hili, likiwa sasa limekaa juu ya mchezo huu, linatuelekeza kuona nini ndani yake? Swali la kwanza hujibiwa kwa ushahidi wa watu waliokuwapo na kwa nyaraka, na shabiki hana njia ya kulijibu kwa kukisia hata awe ameumaliza mchezo mara nyingi kiasi gani. Swali la pili hujibiwa kwa mchezo wenyewe, kuanzia picha ya ufunguzi hadi orodha ya majina ya watengenezaji mwishoni, na hapo mtengenezaji hana sauti inayomzidi mchezaji makini. Mashabiki hukosea wanapolijibu swali moja kwa ushahidi wa jingine, lakini mwandishi wenu naye amefanya vivyo hivyo kutoka upande wa pili: amethibitisha kwamba jina lilizaliwa kwa bahati, kisha akadai kwamba kwa hiyo halina maana.

Chukua Final Fantasy, mfano aliouanzia. Alisimulia kwamba mwaka 1987 kampuni ya Square ilikuwa karibu kufilisika, kwamba mbunifu wake Hironobu Sakaguchi aliamua kutengeneza mchezo mmoja wa kuagia kazi hiyo, na kwamba kwa sababu hiyo akauita njozi ya mwisho. Hadithi hii inapendeza, na mashabiki wameirithishana kwa miongo kadhaa. Lakini mwaka 2015, akizungumza katika mkutano wa wanazuoni wa michezo ya video mjini Kyoto, Sakaguchi mwenyewe alieleza vingine. Timu yake ilitaka jina linaloweza kufupishwa kwa herufi mbili za F, kwa kuwa kifupisho hicho hutamkika kwa wepesi katika Kijapani. Walifikiria kwanza Fighting Fantasy, ila jina hilo lilikuwa tayari linatumika kwingine, hivyo wakatafuta neno jingine linaloanza na herufi ileile. Hakukana kwamba hali ilikuwa ngumu wakati ule. Alichokana ni kwamba ugumu huo ndio uliozaa jina.

Hadithi ya kufilisika, basi, ni ufasiri uliojivika joho la historia. Iliaminika kwa sababu inalipa neno moja uzito mkubwa, na pia kwa sababu ya kinaya chake, maana mfululizo ulioitwa wa mwisho ulifikisha toleo lake kuu la 16 mwaka 2023. Mwandishi aliyewacheka mashabiki kwa kuamini mno ameamini pamoja nao, na ningependa ukurasa wenu umsahihishie wasomaji jambo hilo.

Donkey Kong ni kisa cha namna hiyohiyo. Kwa muda mrefu imesimuliwa kwamba mchezo huo wa mwaka 1981 ulikusudiwa kuitwa Monkey Kong, na kwamba herufi moja iliharibika njiani kwa sababu ya ujumbe uliosomeka vibaya. Shigeru Miyamoto, aliyeubuni, amekwisha kueleza kwamba alilichagua neno hilo lenye maana ya punda kwa makusudi, akidhani kwamba lingetoa picha ya ujinga na ukaidi, na kwamba Kong lilikuwa neno ambalo watu wengi walilihusisha na sokwe mkubwa. Lakini kisa hiki kina upande mwingine ambao makala yenu haikuugusa, nao unanivutia zaidi kuliko hekaya ya herufi iliyopotea. Mwaka 1982 kampuni ya filamu ya Universal iliishtaki Nintendo, kampuni iliyoutoa mchezo huo, nchini Marekani, ikidai kwamba jina na maudhui ya mchezo huo yalipora haki zake juu ya King Kong. Universal ilishindwa, kwa sehemu kwa sababu ilikuwa yenyewe imewahi kuieleza mahakama, katika kesi ya awali, kwamba hadithi ya King Kong haikuwa tena mali ya mtu binafsi. Jambo la kuangaliwa hapa ni kazi waliyolazimika kuifanya majaji. Walipaswa kuamua kama mtu anayelisikia jina hilo angedhani kwamba mchezo unatokana na filamu, na ili kuamua hivyo waliutazama mchezo wenyewe, wakalinganisha sokwe wake wa kuchekesha na sokwe mkali wa kwenye filamu, wakaona kwamba hisia zinazoamshwa na kazi hizo mbili ni tofauti kabisa. Hawakuishia kuuliza Miyamoto aliwaza nini alipokuwa akichagua jina. Walilisoma jina kwa kuusoma mchezo, jambo ambalo mwandishi wenu analiita upuuzi likifanywa na kijana aliyeshika kidhibiti mkononi.

Nakubali kwamba ajali zipo nyingi. Timu iliyotengeneza Mortal Kombat mjini Chicago, kabla ya mchezo kutoka mwaka 1992, ilishindwa kwa muda mrefu kukubaliana juu ya jina, hadi mmoja wao alipoandika kwa utani herufi ya K juu ya C kwenye neno la Kiingereza lenye maana ya mapigano, na mbunifu mwenzao wa mashine za pinball, Steve Ritchie, akapita na kupendekeza jina tunalolijua. Hakuna siri ndani ya herufi hiyo. Tetris nao ni muungano wa neno la Kigiriki la namba nne, kwa kuwa kila kipande kina miraba minne, na mchezo wa tenisi ambao mbunifu wake, Alexey Pajitnov, aliupenda. Anayetafuta tenisi katika vipande vinavyoanguka atatafuta sana. Haya yote ni sawa. Ila swali la ufasiri linaanza pale ambapo habari ya ajali inaishia, kwa sababu jina likishatundikwa juu ya mlango, wanaoishi ndani hulizoea na kuanza kulitumia.

Sijui mfano unaolionyesha hili vizuri kuliko Resident Evil. Nchini Japani mchezo huo ulitoka mwaka 1996 kwa jina la Biohazard, yaani hatari ya kibayolojia, jina lililoeleza kinaganaga kwamba chanzo cha maafa ni maabara na virusi. Nchini Marekani jina hilo halikuweza kutumika kwa sababu lilikuwa tayari limeshikwa na wengine, wakiwamo bendi moja ya muziki ya New York, kwa hiyo Capcom, kampuni iliyoutengeneza, ikaendesha shindano la ndani la kutafuta jina jipya. Lililoshinda lilitaja uovu unaokaa ndani ya nyumba, na lilifaa, kwa kuwa matukio karibu yote yalikuwa ndani ya jumba moja lililojitenga. Mpaka hapo mwandishi wenu ana haki ya kutabasamu. Jina lilitokana na kikwazo cha kisheria na mchezo mdogo wa maneno.

Lakini mwaka 1998 toleo la pili lilitoka nje ya jumba na kuingia mjini, na mwaka 2005 toleo la nne likahamia katika kijiji cha Ulaya, huku jina likiendelea kusema uovu wa nyumbani ambao haukuwa na nyumba tena. Mashabiki walilitambua jambo hili na kulijadili kwa kejeli kwa miaka mingi. Kisha mwaka 2017 likatoka toleo la saba, ambalo linamfungia mchezaji ndani ya nyumba ya familia moja huko Louisiana, familia inayokula, kulala na kuua chini ya paa lilelile, na kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi jina likarudi kuwa maelezo sahihi ya kinachotisha. Kama kuna anayedhani kwamba hilo ni jambo la bahati, aangalie majalada. Kwingineko duniani mchezo huo uliitwa Resident Evil 7, na neno Biohazard likawekwa chini yake. Nchini Japani uliitwa Biohazard 7, na maneno Resident Evil yakawekwa chini yake. Watengenezaji walikuwa wameyachukua majina mawili ambayo sheria iliyatenganisha wakayafanya yatazamane. Toleo lililofuata, la mwaka 2021, liliitwa Village, na katika nembo yake herufi za mwanzo za neno hilo zilitiwa rangi ili zisomeke kama namba 8 ya Kirumi. Watengenezaji wenyewe, kwa maneno mengine, wamekuwa wakifanya ileile kazi ya kuchunguza herufi na kulipa jina maana ambayo halikuzaliwa nayo. Ni vigumu kuwaambia mashabiki waache.

Yapo majina ambayo hayakuhitaji kusubiri miaka 20 ili yapate maana. Half-Life, mchezo wa kampuni ya Valve wa mwaka 1998, unachukua jina lake kutoka fizikia, yaani muda unaohitajika ili nusu ya kiasi fulani cha madini yenye mionzi ioze. Nembo yake ni herufi ya Kigiriki lambda, ambayo wanafizikia huitumia kuonyesha kasi ya kuoza huko, na ndani ya kituo cha utafiti cha Black Mesa, ambamo hadithi inatokea, sehemu ambayo mhusika mkuu anapaswa kuifikia inaitwa kwa herufi hiyohiyo. Nyongeza zake zilifuata mkondo huo. Opposing Force, ya mwaka 1999, jina lake ni nguvu kinzani ya wanafizikia, na papo hapo humkabidhi mchezaji nafasi ya mmoja wa askari waliokuwa maadui katika mchezo wa kwanza. Blue Shift, ya mwaka 2001, inataja badiliko la mwanga kuelekea rangi ya buluu, na mhusika wake ni mlinzi mwenye sare ya buluu anayeanza zamu yake ya kazi. Hapa shabiki anayesoma jina mara mbili anasoma kama alivyoalikwa kusoma. Anayekwenda mbele na kusema kwamba mhusika mkuu naye anaishi nusu ya maisha, kwa kuwa kila hatua yake inapangwa na mtu mwenye suti na mkoba anayemtazama kwa mbali, hana kauli ya mtengenezaji ya kumuunga mkono, lakini ana tukio la mwisho la mchezo, ambapo mtu huyo humpa uchaguzi usio uchaguzi. Mimi naona huo ni ushahidi wa kutosha.

Bila shaka mashabiki haohao ndio waliojenga desturi ya kuiona namba tatu kila mahali, katika punguzo la bei, katika tarehe, katika idadi ya maneno ya tangazo, na kutangaza kwa utani kwamba toleo la tatu la Half-Life limethibitishwa. Angalau wao wanajua kwamba wanatania.

Niligusie jambo ambalo linawapa mashabiki sifa na lawama kwa pamoja. Mwezi Desemba 2012, katika hafla ya tuzo za michezo ya video, kilionyeshwa kionjo cha mchezo ulioitwa The Phantom Pain, yaani maumivu anayoyasikia mtu katika kiungo kilichokwisha kukatwa. Ulidaiwa kuwa kazi ya kampuni isiyojulikana iliyoitwa Moby Dick Studio, yenye kiongozi aitwaye Joakim Mogren. Mashabiki waliupangua mchezo wa herufi haraka. Herufi za Joakim, zikipangwa upya, hutoa Kojima, jina la Hideo Kojima, mwongozaji wa mfululizo wa Metal Gear. Wengine wakaichunguza nembo yenyewe na kuona kwamba maandishi yake yalikuwa na mapengo na mabaki ya mistari, na kwamba maneno Metal Gear Solid V, yakiwekwa juu yake, yaliingia katika mapengo hayo bila kupinda. Mwezi Machi 2013 Kojima alithibitisha kwamba walikuwa sahihi. Huu ulikuwa ufasiri wa daraja la juu, kwa sababu uliegemea kitu kinachoonekana kwa macho ya kila mtu, na ungeweza kuthibitika kuwa ni kosa.

Mchezo ulipotoka mwaka 2015, wachezaji waliona kwamba hadithi yake haikukamilika. Kuna uzi mmoja muhimu unaoachwa ukining'inia, na tukio lililokusudiwa kuufunga liliwafikia wanunuzi wa toleo maalumu tu, likiwa katika hali ya rasimu kwenye diski ya ziada. Hapo ikazuka nadharia kwamba pengo hilo ni la makusudi: Kojima alikata kiungo cha mchezo wake ili mchezaji ayasikie maumivu yaliyotajwa kwenye jalada. Ni nadharia yenye mvuto mkubwa, nami sioni haya kusema kwamba siikubali. Ni jibu la swali la historia lililotolewa kwa ushahidi wa ufasiri. Rasimu ya kwenye diski ni ushahidi wa kihistoria, nayo inaonyesha kazi iliyoanza kutengenezwa na haikumalizwa. Wanaotaka kulisoma jina hilo hawahitaji kwenda mbali hivyo, maana mchezo wenyewe umejaa vivuli vya vitu vilivyoondolewa. Mhusika mkuu amepoteza mkono, wenzake wamepoteza vita, nchi na wapendwa wao, na mwisho mchezaji anagundua kwamba mtu aliyekuwa akimwongoza kwa saa zote hizo siye yule shujaa aliyedhani, bali ni mwingine aliyepewa sura na kumbukumbu zake. Kivuli ni yeye. Ufasiri huo unatosha, unathibitika ndani ya mchezo, na hauhitaji kuusingizia upungufu wa utengenezaji kuwa ni hekima.

Kuhusu Dark Souls, mchezo wa mwaka 2011 ulioongozwa na Hidetaka Miyazaki, wengi hudhani kwamba jina ni rangi ya mazingira tu: giza, makaburi, roho zinazokusanywa kama fedha. Katika utangulizi tunaelezwa kwamba viumbe wanne walizipata roho zao katika moto wa kwanza. Watatu wanatajwa kwa fahari, na wa nne, mbilikimo mwenye kujificha, anatajwa kwa nusu sentensi kama kiumbe anayesahaulika upesi. Ni mchezaji anayekwenda kinyume cha njia ya kawaida, akiwashinda wafalme wanne kabla ya kuliweka chombo fulani mahali alipoagizwa, ndiye anayekutana na nyoka aitwaye Kaathe na kuambiwa kwamba mbilikimo huyo ndiye babu wa wanadamu, na kwamba alichokipata ndiyo Roho ya Giza. Jina la mchezo, kumbe, ni jina la urithi wa mchezaji mwenyewe, nalo limefichwa mdomoni mwa mhusika ambaye wengi humaliza mchezo bila kumwona. Miyazaki amewahi kusimulia kwamba utotoni alisoma vitabu vya Kiingereza ambavyo hakuvielewa vyote, akajaza mapengo kwa kubuni, na michezo yake inamtaka mchezaji afanye hivyohivyo. Mtu anayesema kwamba mashabiki wa mchezo huu wanasoma kupita kiasi hajaucheza, au ameucheza kwa haraka.

Zelda, binti mfalme wa mfululizo wa The Legend of Zelda, nitamtaja kwa ufupi, kwa sababu mwandishi wenu alimtumia kama kichekesho cha mwisho. Ni kweli kwamba Miyamoto alilipata jina hilo kutoka kwa Zelda Fitzgerald, mke wa mwandishi wa riwaya wa Marekani, kwa kupenda mlio wake, na ni kweli kwamba wengi wasioujua mchezo hudhani kwamba Zelda ni yule shujaa kijana mwenye kofia ya kijani. Ila kitabu cha maelezo cha toleo la pili, la mwaka 1987, kilieleza kwamba kulikuwa na binti mfalme wa zamani aliyelazwa usingizi usioisha, na kwamba kaka yake aliamuru kila binti atakayezaliwa katika ukoo huo aitwe Zelda. Hekaya ya Zelda ni hekaya ya jina linalorithiwa, na mashabiki hawakuibuni. Waliisoma katika kijitabu kilichowekwa ndani ya boksi. Ilibidi wangoje hadi mwaka 2024, tukiacha kando michezo iliyotengenezwa na wengine kwa leseni, ili mfululizo mkuu umpe Zelda nafasi ya kuwa mhusika mkuu anayeongozwa na mchezaji.

Mwandishi wenu aliuliza, na hili lilikuwa swali lake zuri kuliko yote, kwa nini tusiwaulize watengenezaji na kumaliza ubishi. Jonathan Blow aliulizwa. Mchezo wake wa mwaka 2008, Braid, yaani msuko, unamhusu mwanamume anayemtafuta binti mfalme huku akiwa na uwezo wa kurudisha nyuma wakati. Katika maandishi ya mchezo msuko ni wa nywele za binti huyo, unaomchapa mwanamume kwa dharau anapogeuka na kuondoka. Katika hatua ya mwisho tunagundua, wakati ukigeuzwa, kwamba binti alikuwa akimkimbia yeye. Kisha maandishi ya tamati yananukuu maneno yaliyosemwa baada ya jaribio la kwanza la bomu la atomiki mwaka 1945, na tangu hapo kuna mashabiki wanaoshikilia kwamba binti mfalme ni bomu, na kwamba hakuna zaidi. Blow amekataa kutoa ufafanuzi wa maana ya mchezo wake, na nadhani amefanya vizuri, maana kauli yake ingetuambia alichokusudia bila kutuambia alichofanikiwa kukitengeneza. Wanaosema ni bomu tu nao wananiacha na shaka. Jina limetaja nyuzi zilizosukwa pamoja, yaani mapenzi yaliyovunjika, sayansi isiyojali matokeo yake na majuto ya mtu anayetaka wakati urudi, na anayechomoa uzi mmoja na kuutupa mwingine ameufumua mchezo anaotaka kuueleza.

Nimalizie kwa jina ambalo makala ilisema halina lolote ila mlio mzuri, Red Dead Redemption, mchezo wa mwaka 2010. Wasomaji ambao hawajaumaliza wairuke aya hii. John Marston, jambazi aliyeacha ujambazi, analazimishwa na maofisa wa serikali kuwawinda wenzake wa zamani ili arudishiwe mke na mtoto. Anatimiza yote, anarudi shambani, na maofisa haohao wanakuja kumuua mbele ya ghala lake. Hadithi ingeweza kuishia hapo, na jina lenye kutaja ukombozi lingekuwa limepata jibu lake: kajitoa mwenyewe, familia imesalimika. Lakini mchezo unaendelea miaka mitatu baadaye, mikononi mwa mwanawe, Jack, bila kumlazimisha mchezaji kufanya lolote. Mchezaji akichagua kumtafuta Edgar Ross, ofisa aliyepanga kifo cha baba, atamkuta mzee amestaafu akiwinda ndege kando ya mto, atapigana naye, atamuua, na ndipo tu jina la mchezo linapojitokeza kwenye kioo. Baadhi ya mashabiki husema kwamba kwa kulionyesha jina hapo watengenezaji wametangaza kuwa deni limelipwa. Wengine, nami nikiwa upande wao, husema kwamba limewekwa hapo kama mashtaka, kwa sababu baba alikufa ili mwana asiwe muuaji, na mwana amekuwa muuaji kwa mkono wa mchezaji mwenyewe. Kama mwandishi wenu bado anaamini kwamba jina hilo ni mlio mtupu, naomba anijibu katika ukurasa wake kwa nini limefichwa mpaka risasi hiyo ifyatuliwe.

Wenu,
Msomaji wa ukurasa wa burudani